Kutoka Disketi hadi PDF/A: Historia Fupi ya Kuhifadhi Nyaraka za Kompyuta

Katika toleo hili tumeonelea tuzungumzie jambo ambalo sisi walimu wa lugha kwa kawaida huwaachia wakutubi na mafundi wa kompyuta, nalo ni namna maandishi yaliyotayarishwa kwa kompyuta yanavyogeuzwa ili yaweze kusomeka baada ya miaka mingi. Tumelichagua kwa sababu limetugusa wenyewe. Katika kabati la idara yetu kulikuwa na sanduku la disketi za miaka ya 1990, zenye tasnifu, makala za semina na ngano ambazo wanafunzi wetu walizikusanya vijijini hapa Uganda. Siku tulipolifungua sanduku hilo, baadhi ya disketi zilikuwa zimeota ukungu na hazikusomeka kabisa. Nyingine zilisomeka, ila tulichokiona kwenye skrini hakikuwa Kiswahili.

Kabla ya kueleza tuliyoyafanya, pamoja na kosa tulilolifanya, inafaa turudi nyuma kidogo, kwa kuwa wako waliokumbwa na mkasa mkubwa kuliko wetu.

Mkasa wa Domesday

Mwaka 1086 watumishi wa Mfalme William wa Kwanza wa Uingereza walizunguka nchini wakiandika ardhi, mifugo, vinu na wenye mali, ili mfalme ajue cha kutoza. Matokeo yake ni kitabu kiitwacho Domesday, kilichoandikwa kwa Kilatini juu ya ngozi ya kondoo. Miaka 900 baadaye, mwaka 1986, shirika la utangazaji la BBC likishirikiana na kampuni za Acorn, Philips na Logica lilitoa Domesday mpya. Watu zaidi ya milioni moja walichangia, wengi wao wakiwa wanafunzi wa shule, wakaandika habari za vijiji na mitaa yao na kupiga picha. Vyote hivyo vikatiwa katika diski mbili kubwa za leza. Ili kuzisoma, mtu alihitaji mashine maalumu ya diski hizo na kompyuta ya aina ya BBC Master, vyote kwa bei iliyokaribia pauni 5,000. Shule nyingi zilizoleta habari hazikumudu kununua kazi zao wenyewe.

Ilipofika mwaka 2002 mashine zilizokuwa bado zinafanya kazi zilikuwa zimebaki chache mno. Watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walitengeneza programu ya kuifanya kompyuta mpya iigize ile ya zamani, wakaonyesha kwamba habari zile zinaweza kuokolewa. Mwaka 2011 BBC iliweka sehemu yake kwenye tovuti, lakini tovuti hiyo nayo ilifungwa mwaka 2018, na nakala yake ikabaki katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza. Kitabu cha ngozi kimo katika hifadhi hiyo hiyo na anayejua Kilatini anakisoma.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi ili kuidhihaki kompyuta. Sisi tunaona si haki sana. Ngozi ile haikudumu kwa sababu ni ngozi tu. Ilidumu kwa kuwa kwa karne nyingi palikuwa na ofisi iliyopewa kazi ya kuitunza. Ni maandishi mangapi ya ngozi na karatasi yameoza bila mtu kuyasikitikia! Hata hivyo, tofauti moja ni ya kweli: maandishi ya kompyuta hayavumilii kusahauliwa. Kitabu kinaweza kukaa miaka 100 juu ya dari na bado kikasomeka kikishushwa. Disketi haina subira hiyo.

Ng'ombe watatu

Tatizo halikuwa mashine peke yake. Hata faili likifika salama katika kompyuta mpya, ndani yake hamna herufi. Mna namba tu, na programu ndiyo inayojua kila namba inasimamia nini na imepangwaje. Mpangilio huo ndio tunaouita umbizo. Mtunzi wa programu akifilisika au akibadili mpangilio wake, msomaji hubaki na namba zisizo na tafsiri.

Kiswahili kwa herufi za Kilatini kina bahati. Mfumo wa ASCII uliowekwa Marekani mwaka 1963 una nafasi 128 tu, lakini herufi zetu zote zimo, hata ritifaa iliyonyooka. Jirani yetu Luganda hana bahati hiyo, kwa kuwa herufi yake ŋ haimo, na kwa miaka mingi waandishi wake walitegemea fonti za kujitengenezea ambazo zikikosekana kwenye kompyuta nyingine neno hutoka na kijisanduku kitupu katikati. Hali hiyo ilianza kutengemaa baada ya mfumo wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, kuipa kila herufi namba yake moja isiyogombewa.

Lakini bahati yetu ina mipaka, na sanduku letu la disketi lilituonyesha mipaka hiyo. Baadhi ya mafaili yalikuwa yameandikwa kwa WordStar, programu iliyotoka mwaka 1978 na kutamba kwa miaka kadhaa. Programu hiyo ilikuwa na desturi ya kutia alama yake ya siri kwenye herufi ya mwisho ya neno ili imsaidie kupanga mistari. Faili hilo likifunguliwa leo kama maandishi ya kawaida katika Windows, herufi ya mwisho hubadilika. Kwa Mwingereza hii ni kero ndogo. Kwa Kiswahili, ambacho karibu kila neno lake huishia na irabu, ni balaa: mtoto huwa «mtotï», kitabu huwa «kitabõ», shule huwa «shulå», na bibi huwa «bibé». Ukurasa mzima unaonekana kama lugha ya taifa fulani la kaskazini ya mbali. Uzuri wa ugonjwa huu ni kwamba una kanuni. Kila ï ni o, kila õ ni u, na ukiijua kanuni unaurudisha ukurasa wote kama ulivyokuwa.

Ugonjwa wa pili haukuwa na dawa rahisi. Programu za baadaye zilianza kuipindisha ritifaa ili ipendeze kama ya kitabuni. Katika Windows ritifaa hiyo iliyopinda ilipewa namba 146. Namba hiyo hiyo katika kompyuta za zamani za Macintosh ni í, na katika mfumo wa DOS ni Æ. Kwa hiyo mnyama mmoja aliyeandikwa ng'ombe alifika kwa Macintosh akiwa «ngíombe» na kwa DOS akiwa «ngÆombe», na siku hizi, faili la Unicode likisomwa kwa kanuni za Windows ya zamani, hufika akiwa «ng’ombe». Mchungaji wake asingemtambua.

Hapo ndipo tulipokosea. Mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, aliyasafisha mafaili ya ngano kwa kufuta kila alama ngeni aliyoiona. Kisha, kwa kuwa sasa ukurasa ulikuwa safi, akazifuta disketi ili zitumike tena. Walimu wenzetu hatuhitaji kuwaeleza kwamba kung'oa si sawa na ngoa, wala ng'ambo haina jambo na ngambo. Katika ngano moja kuna mke anayejiwa na bibi kizee na kuambiwa neno moja tu, «ngoa», naye akaanza kulia. Hatujui kama anaamriwa kung'oa mmea ambao msimulizi ameutaja mlangoni mwa nyumba, au anatajiwa wivu unaomla moyoni. Ngano nzima inageukia hapo. Kaseti ya msimulizi ilishatumika kurekodia kitu kingine, na msimulizi mwenyewe ameshafariki.

Ukurasa unaosafiri

Turudi kwenye historia. Kampuni ya Adobe iliundwa mwaka 1982 na John Warnock na Charles Geschke. Mafanikio yake ya kwanza yalikuwa PostScript ya mwaka 1984, lugha ya kuielezea printa jinsi ya kuchora ukurasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Warnock aliandika waraka mfupi wa ndani kuhusu mradi alioupa jina la Camelot. Tatizo alilolieleza lilikuwa la kawaida sana: mtu akimpelekea mwenzake waraka kutoka kompyuta moja hadi nyingine, hapana uhakika kwamba mwenzake ataona kilekile alichokiona yeye. Jibu lake likawa PDF, iliyotolewa mwaka 1993. Mwanzoni hata programu ya kuisomea iliuzwa, na watu hawakuichangamkia. Ilipotolewa bure ndipo PDF ilipoenea duniani.

Msomaji atauliza: basi si tatizo lilikwisha? Halikwisha. PDF ilibuniwa ili ukurasa usafiri kutoka mahali hadi mahali, na kusafiri kutoka wakati hadi wakati ni jambo jingine. Ili faili liwe dogo, PDF iliruhusu fonti ziachwe nje. Kulikuwa na fonti 14 za msingi, zikiwamo Times, Helvetica na Courier, ambazo kila programu ya kusomea ilitarajiwa kuwa nazo. Lakini nani ataahidi kwamba mwaka 2090 zitakuwapo? Zaidi ya hayo, PDF iliweza kufungwa kwa neno la siri, kubeba video inayohitaji programu nyingine, na kubeba amri ndogondogo zinazobadilisha kinachoonekana. Vitu vyote hivyo vinafaa ofisini, ila kwa mtunza nyaraka kila kimoja ni mlango unaoweza kufungwa siku funguo zikipotea.

Waliolivalia njuga suala hili walikuwa watu wa mahakama. Mahakama za shirikisho za Marekani zilikuwa zimeanza kupokea nyaraka za kesi kwa njia ya kompyuta katika umbizo la PDF, na hukumu ni waraka usiotakiwa kubadilika sura wala kupotea. Mwaka 2002 ofisi ya utawala ya mahakama hizo, pamoja na vyama vya wataalamu wa nyaraka na wa uchapaji, ilianzisha kazi ya kutunga kiwango maalumu. Kazi hiyo ilipelekwa kwenye Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, na mwaka 2005 kikatolewa kiwango namba 19005-1, chenye jina fupi la PDF/A. Herufi A inasimamia neno la Kiingereza lenye maana ya hifadhi ya nyaraka. PDF yenyewe ilikuwa bado mali ya Adobe, ingawa maelezo yake yalikuwa yamechapishwa wazi. Ilikuja kuwa kiwango cha ISO mwaka 2008. (Mwaka huo huo wa 2005, hapa kwetu, marekebisho ya Katiba yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Hakuna uhusiano kati ya mambo hayo mawili, ila siku ofisi zetu zitakapotoa nyaraka kwa Kiswahili kwa wingi, swali la kuzihifadhi halitakwepeka.)

PDF/A si uvumbuzi mpya. Ni PDF iliyonyimwa mambo. Fonti zote zinazotumika lazima zifungiwe ndani ya faili, hata zile 14. Neno la siri ni marufuku, kama zilivyo sauti, video na amri za kubadilisha maandishi. Rangi lazima zielezwe kwa namna isiyotegemea skrini au printa fulani, na faili lenyewe libebe maelezo yanayolitambulisha. Kwa kifupi, kila kinachohitajika kuuona ukurasa kiwe ndani ya ukurasa. Sisi tunaufananisha na msafiri aliyeambiwa aendako hakuna duka.

Sura au maneno?

Hapa tunaomba tusimame kidogo, kwa sababu ndipo mwalimu wa lugha ana la kusema kuliko fundi.

Kiwango cha mwaka 2005 kina daraja mbili. Daraja b inahakikisha kwamba ukurasa utaonekana vilevile machoni. Daraja a inadai zaidi: maneno yawe yameunganishwa na namba za Unicode, na muundo wa maandishi, kama vichwa, aya na mfuatano wa kusoma, uwe umewekewa alama. Ukurasa unaweza kutimiza daraja b huku kompyuta haijui hata neno lake moja. Picha ya ukurasa uliotambazwa kwa skana inatosha. Macho yanasoma, lakini ukitafuta neno «ng'ombe» hupati kitu. Ndiyo maana sehemu ya pili ya kiwango, iliyotolewa mwaka 2011, iliongeza daraja u, inayodai Unicode bila kudai muundo wote. Kwa mtafiti wa msamiati au wa sarufi, tofauti kati ya b na u ni tofauti kati ya picha ya maktaba na maktaba.

Swali la kwamba tuhifadhi sura au maneno si geni katika Kiswahili. Tenzi na mashairi ya kale ya pwani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo zina alama tatu tu za irabu fupi, hivyo e na i ziliweza kuandikwa kwa alama moja, na o na u vivyo hivyo. Kila aliyezigeuza kuwa za Kilatini alilazimika kuamua. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalikusanywa mwishoni mwa karne ya 19 na Mwalimu Sikujua, akishirikiana na mmisionari William Taylor, na diwani yake ikachapishwa na William Hichens mwaka 1940. Karatasi za Taylor zimehifadhiwa katika chuo cha SOAS, London. Kwa kuwa miswada haikutupwa baada ya kitabu kutoka, waliokuja baadaye waliweza kuirudia na kubishana na wahariri. Sisi na ngano yetu hatuna cha kurudia.

Kwa sababu hiyo sehemu ya tatu ya kiwango, ya mwaka 2012, ilituvutia kuliko zote. Inaruhusu faili la asili la aina yoyote lipachikwe ndani ya PDF/A, ili ukurasa na asili yake visafiri pamoja. Baadhi ya watunza nyaraka waliipinga, wakisema kwamba umbizo lililokusudiwa kutotegemea kitu sasa limegeuzwa gunia la kubebea vitu visivyojulikana. Pingamizi lao lina uzito, kwani kinachopachikwa hakina dhamana yoyote ya kufunguka. Lakini tunasema afadhali asili isiyo na dhamana kuliko kutokuwa na asili. Sehemu ya nne ilitoka mwaka 2020, nayo inafuata toleo la pili la PDF. Kwa idara kama zetu haijabadilisha mengi.

Faili linalodai

Kuligeuza faili siku hizi si kazi ngumu. OpenOffice iliweza kutoa PDF/A tangu mwaka 2008, na LibreOffice iliyoirithi inafanya hivyo bure. Microsoft Word nayo ina nafasi ya kuchagua wakati wa kuhifadhi waraka kama PDF. Ugumu uko kwenye kuhakiki. Faili hujitambulisha lenyewe kuwa ni PDF/A, na Acrobat ikilifungua huonyesha ujumbe kwamba faili linadai kufuata kiwango. Neno ni hilo hilo, linadai. Ili kujua ukweli panahitajika programu ya kuhakiki, na iliyo wazi kwa wote ni veraPDF, iliyogharimiwa na Umoja wa Ulaya na kutoa toleo lake la 1.0 mwaka 2017. Tulipoipitishia mafaili yetu ya kwanza, kadhaa yalikataliwa, mengi kwa sababu ya fonti moja iliyobaki nje.

Na hata veraPDF haisomi Kiswahili. Itakubali ukurasa wenye «ngombe» na «shulå» bila kusita, maadamu fonti zimo na namba za Unicode zimekaa sawa. Kwa hiyo tumejiwekea utaratibu wetu. Faili la asili halifutwi, hata likiwa na kasoro. Kando yake huwekwa PDF/A ya daraja u, na nakala ya tatu ya maandishi matupu katika Unicode. Sauti za wasimulizi zinahifadhiwa peke yake katika mafaili ya WAV yasiyobanwa. Kabla ya kugeuza chochote, mtu mmoja anayeijua lahaja ya msimulizi husoma ukurasa wa asili na ule mpya kwa pamoja, akianza na kila neno lenye ng'. Kazi hii ni ya polepole. Katika muhula uliopita tulimaliza tasnifu saba.

Nakala tunaziweka mahali patatu, na mojawapo ni nje ya jengo la chuo, kwa kuwa paa letu linavuja.

Bado tuna disketi ambazo hatujazigusa, na kisomeo cha disketi tumekiazima. Wanafunzi wetu wa zamani waliokusanya ngano katika miaka ya 1990 tunawaomba watazame katika masanduku yao. Tunatafuta hasa ile ngano ya mke, bibi kizee na mmea uliokuwa mlangoni. Aliyebaki na nakala ya karatasi, iliyopigwa chapa au iliyoandikwa kwa mkono, aifikishe katika ofisi ya idara, hata kama mchwa wameshaanza kuila, mradi ukurasa wenye neno lile upo.